Kula kidogo mara nyingi: kwa tumbo la nani?

Shangazi yangu anauza unga wa muhogo katika soko la Kadutu, hapa Bukavu. Siku moja mwaka jana, yapata saa tisa alasiri, alikuwa akimpimia mteja unga kwa kopo, mkono ukaanza kumtetemeka. Unga ukamwagika juu ya turubai. Jasho likamtiririka usoni ilhali mvua ilikuwa imetoka kunyesha na baridi ilikuwa ya kuvaa koti. Mteja alipomwuliza, "Mama, uko sawa?", alijibu maneno yasiyoshikana, kama mtu aliyelewa kasiksi. Jirani yake wa meza, mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, hakuuliza mara mbili. Alikoroga sukari kwenye kikombe cha maji, akamshika kisogo, akamnywesha. Robo saa baadaye shangazi alikuwa anatafuta kopo lake.

Alikuwa na miezi minne tangu aanzishiwe vidonge vya ugonjwa wa sukari. Asubuhi hiyo alimeza kidonge cha glibenklamidi, akanywa chai ya rangi, akapanda kwenda sokoni. Chakula chake cha kwanza kingekuwa bugali wa usiku, saa mbili au saa tatu, kama ilivyo katika nyumba nyingi za mtaani kwetu. Aliyempa dawa alimwambia "ule vizuri", akamwita mgonjwa mwingine. Hakuna aliyemwuliza anakula mara ngapi kwa siku.

Siku hizohizo kwenye simu zetu kulikuwa na ujumbe wa sauti uliokuwa ukitumwa kutoka kundi hadi kundi. Msemaji alitaka kila mtu aache kula mara tatu, ale mara sita, kidogo kidogo: mwili utachoma mafuta, sukari itatulia, vidonda vya tumbo vitapona. Ndani ya maneno yale kuna ukweli mkubwa, ambao ungemwokoa shangazi na tukio lile. Lakini umefungwa furushi moja na mambo yasiyo kweli, na furushi hilo linabebeshwa kila mtu, mnene na mwembamba, mtoto na mzee, mwenye vyakula vitano nyumbani na asiyejua atapika nini jioni. Ndiyo maana nataka tulifungue, kitu kimoja kimoja.

Tuanze na habari ya kuchoma mafuta, maana ndiyo inayovuta watu. Inasemwa kwamba mwili ni kama mbabula: ukiongeza makaa kidogo kidogo moto haufifii, ukiacha unazima. Ni kweli kwamba kusaga na kuchakata chakula kunatumia nguvu. Kwa mlo wa kawaida, karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu iliyomo ndani ya chakula hutumika katika kazi hiyo. Sasa piga hesabu. Mtu akila kilokalori 1800 kwa mlo mmoja, zitatumika kama 180. Akizigawa katika milo sita ya kilokalori 300, kila mlo utatumia kama 30, na 30 mara sita ni 180. Ni kilekile. Mwaka 1997 mtafiti wa Ufaransa, France Bellisle, pamoja na wenzake walipitia tafiti zilizokuwapo kuhusu jambo hili na hawakuona ushahidi kwamba kula mara nyingi kunaongeza nguvu anayotumia mwili kwa siku nzima.

Na moto hauzimi. Ini la mtu mzima mwenye afya huweka akiba ya sukari, kadiri ya gramu 100, na kuitoa polepole kati ya mlo na mlo na usiku kucha. Ubongo, unaokula karibu sehemu moja ya tano ya nguvu za mwili uliopumzika, unalishwa na akiba hiyo ukiwa umelala. Ndiyo maana mtu mzima asiye na ugonjwa anaweza kukaa saa sita au kumi bila kula, akasikia njaa, akachoka, lakini asianguke. Anayekwambia kwamba kila baada ya saa tatu sukari yako "inaisha" amesahau ini.

Wazo lenyewe lina historia ya heshima. Mwaka 1964, katika jarida la Lancet, Fábry na wenzake wa Prague walieleza kwamba, kati ya wanaume waliowachunguza, wale waliokula mara chache kwa siku walikuwa wanene zaidi na wenye kolesteroli ya juu zaidi. Tatizo la uchunguzi wa namna hii ni kwamba unaona vitu viwili vikitembea pamoja bila kuona kipi kinamvuta mwenzake. Mtu aliyekwisha kunenepa mara nyingi ndiye anayeruka mlo ili apungue. Mwaka 1989 David Jenkins wa Toronto alijaribu njia ya moja kwa moja. Aliwalisha wanaume 7 chakula kilekile kwa namna mbili, wiki mbili kila namna: mara milo mitatu, mara vipande 17 vilivyotawanywa mchana kutwa. Walipokula kwa vipande, kolesteroli yao mbaya ilishuka kwa asilimia 13.5, na insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, ikashuka pia. Matokeo hayo yalisafiri dunia nzima, ingawa yalipofika kwenye simu zetu yalikuwa yamedondosha mambo mawili njiani: walikuwa watu saba tu, na jumla ya chakula haikuongezeka hata punje. Walichofanya ni kugawa. Wengi wetu tukiambiwa "kula mara sita" tunaongeza mandazi matatu na soda juu ya kile tulichokuwa tunakula.

Kisha, miaka 50 baada ya Fábry, habari ikatoka Prague tena, safari hii kinyume chake. Mwaka 2014 Hana Kahleová na wenzake walichapisha jaribio la watu 54 wenye kisukari cha aina ya pili. Kila mtu alikula wiki 12 milo sita midogo, na wiki 12 nyingine milo miwili tu, ya asubuhi na ya mchana, kwa kiwango kilekile cha nguvu. Kwa milo miwili walipungua kilo 3.7, kwa milo sita kilo 2.3. Nikizisoma tafiti hizi pamoja, naona kwamba kwa mtu mzima anayetaka kupungua au kulinda moyo, cha kwanza ni jumla ya chakula, cha pili ni chakula gani, na saa ya kula ina uzito wake. Idadi ya milo inakuja nyuma kabisa. Anayejisikia vizuri na milo mitatu abaki nayo.

Lakini shangazi hayumo katika kundi hilo, na hapa ndipo sauti ile ya simu ilikuwa na haki.

Glibenklamidi inafanya kazi kwa kuliamuru kongosho limwage insulini. Amri hiyo haiangalii kama tumboni kuna kitu. Ikiwa umekula, insulini inakuta sukari ya kushughulikia. Ikiwa hujala, inaikamata ile kidogo iliyo kwenye damu, na wakati huohuo inalizuia ini lisitoe akiba yake. Nguvu ya kidonge kimoja inaweza kuendelea hadi siku nzima. Mtu wa namna hii, na pia anayejidunga insulini, anahitaji chakula kifuate dawa, na mara nyingi kigawanywe ili katikati pasiwe na shimo refu. Metformini, dawa nyingine ya ugonjwa huu, ikitumika peke yake haimwangushi mtu hivyo, kwa hiyo wagonjwa wawili wa sukari wanaokaa benchi moja wanaweza kuhitaji ratiba mbili tofauti za kula. Dalili za sukari kushuka ni zile zilizomkuta shangazi: kutetemeka, jasho la baridi, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari ndani ya maji, pumzika dakika 15, halafu ule chakula cha kweli. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni, kitamwingia kwenye mapafu. Abebwe haraka hospitali.

Muganga mwingine alimpunguzia dozi na kumwuliza swali ambalo halikuulizwa mwanzo. Siku hizi kwenye kikapu chake mna viazi vitamu viwili vya kuchemsha na karanga kiganja kimoja. Anakula kimoja saa nne, kingine saa nane. Hajaongeza fedha kubwa. Bugali wake wa usiku umepungua kwa kiasi hichohicho.

Wa pili wenye haki kamili ya kula mara nyingi ni watoto wadogo, na hapa ningependa kila mama na kila baba wa Bukavu akae nami kidogo. Tumbo la mtoto mchanga hubeba kadiri ya gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 8, mwenye miezi tisa hivi, anajaa kwa mililita 240, kikombe kimoja. Huwezi kumjaza cha kesho. Sasa angalia tunachomtilia. Uji mwepesi wa muhogo, gramu 100 za unga kwa lita moja ya maji, una kilokalori kama 350 kwa lita nzima. Kikombe cha mtoto kitakuwa na 84 hivi. Katika umri huo, mbali na maziwa ya mama, anahitaji karibu 300 kwa siku kutoka kwenye chakula. Vikombe vitatu vinampa 250. Ameshiba, tumbo limejaa kama ngoma, na bado ana deni. Siku nyingi za deni hilo zinaonekana baadaye kwenye mizani na kwenye urefu.

Kuna njia mbili za kulilipa, na zote mbili zinahitajika. Moja ni idadi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anayenyonya apewe chakula mara 2 hadi 3 akiwa na miezi 6 hadi 8, na mara 3 hadi 4 kuanzia miezi 9 hadi 23, na katikati aongezewe kitu kidogo mara moja au mbili: ndizi, kipande cha parachichi, au avoka kama tunavyosema huku. Njia nyingine ni kuufanya uji wenyewe uwe mzito na wenye maana. Ukitia unga mara mbili ya ule, na kijiko cha chai cha mafuta ya mawese, kikombe kilekile kinapanda hadi kilokalori 200 hivi. Tukitumia masoso, yaani mahindi, soya na mtama, badala ya muhogo mtupu, tunapata na protini, ambayo muhogo karibu hauna. Sambaza waliokaushwa na kusagwa ni dawa nyingine iliyo mlangoni petu. Samaki hao waliletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ni vigumu kulifikiria ziwa letu bila wao.

Akina mama hulalamika kwamba uji mzito mtoto anautema. Hapo ujuzi wa wapika pombe ya mtama unafaa sana. Punje za mtama zikiloweshwa na kuachwa ziote, zikakaushwa, vichipukizi na vimizizi vikatolewa, kisha zikasagwa, unga wake una kimeng'enya kinachokata wanga. Tia kijiko kimoja cha unga huo katika uji mzito uliopoa kidogo, koroga: unalainika mbele ya macho yako hadi kuteremka kama uji mwepesi, lakini nguvu zote zimo. Uchemshe tena kabla ya kumpa mtoto. Vichipukizi visiachwe, maana vya mtama vina sumu.

Mahali ambapo kula kidogo mara nyingi ni jambo la uhai na kifo ni wodi ya watoto wenye utapiamlo mkali. Wazee wa Kivu wana jina lao la kwashiorkor: bwaki. Miguu inavimba, nywele zinageuka rangi na kunyonyoka, mtoto hacheki. Kituo cha Lwiro, kaskazini mwa Bukavu, kimeuchunguza ugonjwa huu tangu enzi za ukoloni. Mzazi anapofika na mtoto kama huyo, moyo wake unamwambia mtoto ashibishwe leo hii, na anashangaa kuona muuguzi akileta maziwa kidogo ndani ya kikombe, kisha kidogo tena baada ya saa tatu, usiku na mchana, mara 8 kwa siku, na mara nyingine kila saa mbili. Maziwa hayo huitwa F-75, kwa kuwa mililita 100 zina kilokalori 75. Si ubahili. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu umepunguza kazi zake zote. Moyo umelegea, ini na figo zinafanya kazi nusu. Chakula kingi kwa ghafla kinavuruga chumvi za damu na kinaweza kuusimamisha moyo ambao njaa yenyewe ilishindwa kuusimamisha. Baada ya siku chache, uvimbe ukianza kushuka na hamu ya kula ikirudi, ndipo anapandishwa kwenye F-100, maziwa yenye nguvu zaidi, au ile pasta ya karanga, Plumpy'Nut, iliyobuniwa Ufaransa mwaka 1996, pakiti ya gramu 92 yenye kilokalori 500. Mama, ukiona muuguzi anampa mwanao kidogo, usimfichie bugali chini ya kitenge. Nimeona ikifanyika, kwa upendo mtupu.

Wajawazito nitawapitia haraka kwa sababu wenyewe wanajua: miezi ya kwanza tumbo tupu huzidisha kichefuchefu, miezi ya mwisho mtoto amelisukuma tumbo juu na halipokei sahani kubwa. Vivyo hivyo mzee asiye na hamu, mgonjwa wa kifua kikuu anayeshindwa kumaliza chakula, na aliyekatwa sehemu ya tumbo. Wenye kiungulia pia. Bugali wa saa tatu usiku, mkubwa, na saa tatu na nusu uko kitandani: tumbo limevutika, mlango wa juu unalegea, asidi inapanda kooni. Sahani ndogo na muda wa saa mbili au tatu kabla ya kulala huwasaidia kuliko vidonge vingi wanavyonunua barabarani.

Vidonda vya tumbo ni habari nyingine, na hapa ujumbe ule wa sauti unadanganya, ingawa uwongo wake ni wa zamani na ulikuwa tiba rasmi. Mwaka 1915 daktari Bertram Sippy wa Chicago alieneza tiba ya kumpa mgonjwa maziwa na krimu kila saa ili asidi ipate kitu cha kushughulika nacho. Wagonjwa walinyweshwa hivyo kwa miongo mingi. Maumivu yanatulia kweli, kisha chakula chenyewe, na maziwa hasa, kinaliamsha tumbo litoe asidi zaidi. Mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren wa Australia waligundua bakteria anayesababisha sehemu kubwa ya vidonda hivi, Helicobacter pylori, na mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Bakteria huuawa kwa antibiotiki zikiambatana na dawa ya kupunguza asidi. Kwa hiyo kama umekaa miaka miwili unatafuna mkate kila saa ili tumbo lisikusumbue, unachohitaji ni kipimo.

Meno pia yana neno katika mjadala huu. Kila mara sukari au wanga laini unapopita mdomoni, bakteria hutengeneza asidi inayolainisha jino, na mate yanahitaji kama nusu saa au zaidi kuirekebisha hali. Anayekunywa chai yenye sukari nyingi kwa funda dogo dogo kuanzia asubuhi hadi jioni hayapi mate nafasi. Anayelazimika kula mara nyingi achague karanga, yai, ndizi au kiazi, na chai yenye sukari aimalize kwa mara moja.

Nimebakiza jambo lililo gumu kuliko yote. Ushauri wa milo sita umeandikwa na watu ambao milo mitatu kwao ni kawaida. Katika mji wetu, tangu vita na kufungwa kwa barabara kupandisha bei ya kila kitu, watu wengi wanakula mara moja, usiku, wala si kwa kuchagua. Kwao swali la kweli ni namna ya kugawa kilichopo. Mtu mzima mwenye afya anaweza kuvumilia mlo mmoja kwa muda. Mtoto wa miaka miwili hawezi, kwa sababu tumbo lake bado ni dogo. Mjamzito na mtu wa insulini nao hawawezi. Nyumbani kwetu tulikubaliana kwamba kila mtu mzima apunguziwe bugali wa usiku kiasi cha ngumi moja, na unga huo ubaki kwa uji wa asubuhi wa watoto na kiazi cha shangazi. Sombe, yaani kisamvu, au maharage yaliyobaki hufunikwa, na asubuhi huchemshwa hadi yatokote, si kupashwa tu, maana kiporo vuguvugu kinaharisha na kuhara kunachukua zaidi ya kile chakula kilicholeta.

Nyumba ambayo hata ngumi hiyo moja haipo, kugawa hakutaongeza kitu. Hapo cha kufanya ni kumpeleka kila mtoto aliye kati ya miezi 6 na miaka mitano kwa reko wa mtaa, yaani mhudumu wa afya wa kujitolea, au kituo cha afya apimwe mkono wa juu kwa ule utepe wa rangi tatu. Ukisoma chini ya sentimita 11.5, sehemu nyekundu, au miguu yote miwili ikibonyea na kubaki na shimo unapoibana kwa kidole gumba, aende siku hiyohiyo. Kupima kunachukua dakika moja.